Je, watambaazi wakubwa wa baharini wa zama za kale waliwahi kuishi katika bahari ya Unguja na Pemba?

Mkaazi wa Konde

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Nyumbani kwetu pana pingili kubwa ya uti wa mgongo ambayo marehemu babu yetu aliiokota ufukweni upande wa Makangale, na kwa ukubwa wake watoto wamekuwa wakiikalia barazani miaka nenda miaka rudi. Wazee walisema ni mfupa wa nyangumi, wala hapana aliyewapinga. Sasa wanangu wa skuli ndio wanaopinga. Wameona filamu yenye mnyama anayechupa kutoka majini na kummeza papa mzima, wakasoma kuwa mnyama huyo huitwa Mosasaurus na kwamba alikuwepo kweli, basi wameshikilia kuwa mfupa wa babu ni wake na kwamba tumekuwa tukikalia hazina.

Sitaki kuwavunja moyo kwa kusema jambo nisilolijua, wala sitaki kuwaunga mkono kwa sababu tu inapendeza. Naomba wenye elimu wanieleze mnyama huyu alikuwa wa jamii gani, na kama bahari yetu hii ilikuwepo katika zama zake. Tena lipo jambo linalonitatiza zaidi: Lindi wamefukua mifupa ya dinosaria hadi ikapelekwa Berlin kujaza ukumbi wa makumbusho, na Lindi si mbali nasi kwa bahari. Kwa nini basi Unguja na Pemba hatusikii hata jino moja?

Maalim wa Chake

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Ninasomesha bayolojia, na swali hili huulizwa kila tunapofika mada ya reptilia, kwa hivyo nitaanza na mnyama mwenyewe. Habari ya mawe nawaachia wanaoijua kunishinda.

Mosasaurus hakuwa dinosaria, ijapokuwa waliishi zama moja. Dinosaria ni ukoo wa wanyama wa nchi kavu ambao kizazi chao kilichobaki ni ndege. Mosasaurus na jamaa zake, tunaowaita mosasauri, wanatokana na ukoo wa mijusi na nyoka, na miongoni mwa walio hai leo anayetajwa sana kuwa karibu nao ni kenge. Nasaba hiyo inaonekana kinywani. Mbali na meno ya taya, mosasauri alikuwa na safu mbili za meno ya ziada juu ya kaakaa, kama alivyo nyoka, na kazi yake ilikuwa kumzuia samaki asirudi nje wakati anamezwa. Wahenga wa mnyama huyu walikuwa mijusi wadogo wenye miguu waliokaa kandokando ya bahari, na kadiri vizazi vilivyozidi kukaa majini ndivyo miguu ilivyogeuka mapezi na mkia ukaota pezi lake. Kuhusu pezi hilo la mkia wataalamu walikuwa wakikisia kutokana na umbo la mifupa, mpaka mwaka 2013 kilipoelezwa kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika katika jiwe) kutoka Jordan ambacho alama ya nyama ya mkia ilibaki juu ya jiwe.

Fuvu lililomtia katika vitabu vya elimu lilitoka kwenye machimbo ya chokaa karibu na Maastricht, Uholanzi, katika karne ya 18. Wengine walisema ni mamba, wengine wakasema ni nyangumi, na jeshi la Ufaransa lilipouteka mji ule mwaka 1794 fuvu likachukuliwa kupelekwa Paris. Adriaan Camper ndiye aliyetambua kuwa mifupa ile ni ya mjusi. Georges Cuvier, aliyekuwa na sauti kubwa zaidi katika elimu hiyo, akaafikiana naye mwaka 1808, na William Conybeare akatoa jina la Mosasaurus mwaka 1822. Umuhimu wa fuvu hili haukuwa katika ukubwa peke yake. Wakati ule watu wengi wenye elimu hawakukubali kuwa mnyama anaweza kutoweka kabisa duniani, na mjusi wa baharini mwenye fuvu la zaidi ya mita moja, ambaye hapana baharia aliyewahi kumwona, alikuwa hoja nzito dhidi yao.

Kuhusu urefu, filamu zimetia chumvi nyingi. Makadirio ya mosasauri mkubwa kuliko wote hutofautiana, kwa sababu mifupa iliyokamilika ni michache na wataalamu hulazimika kukisia mwili kutokana na taya: wapo wanaosema mita 11 au 12, na makadirio ya juu yanayotajwa ni mita 17. Nyangumi wanaopita kwetu kila mwaka wakati wa kusi hufika mita 13 hadi 16, kwa hivyo wanao wana haki ya kusema mnyama wao alikuwa mkubwa, lakini hakuwa na ukubwa usiopata kuonekana.

Wakitaka mtambaazi aliyekuwa mkubwa kweli kweli, wamtafute ikthiosauri, ambaye ni ukoo mwengine kabisa na wa zamani zaidi, mwenye umbo la kukaribia pomboo. Mwaka 2020 msichana wa miaka 11 na baba yake waliokota vipande vya taya katika ufukwe wa Somerset, Uingereza. Vikaunganishwa na vingine vilivyopatikana karibu na hapo miaka michache kabla, na mwaka 2024 mnyama huyo akapewa jina la Ichthyotitan severnensis. Mfupa mmoja wa taya yake ulizidi mita 2, na wataalamu wanakadiria kuwa mwili mzima ulifika mita 25 hivi. Aliishi kiasi cha miaka milioni 202 iliyopita, maana yake ni kwamba alikuwa ameshatoweka zaidi ya miaka milioni 100 kabla ya Mosasaurus wa kwanza.

Wote hawa walipumua kwa mapafu. Hata hivyo, hawakupanda ufukweni kutaga kama wafanyavyo kasa wetu wa Misali. Visukuku vya ikthiosauri wenye watoto tumboni vimepatikana vingi, na wa mosasauri pia wamepatikana, kwa hivyo tunajua walizaa papo hapo majini.

Mchimba Visima

Ahsanta maalim. Kwa kuwa kazi yangu imekuwa visima vya maji, Unguja na Pemba pia, nitajibu sehemu ya mawe, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayokata shauri kabla hata mfupa haujatazamwa.

Mosasauri walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Anayewatafuta hana budi kutafuta mawe yaliyokuwa matope ya bahari kabla ya wakati huo. Sasa tutazame tulicho nacho. Ardhi ya maweni ya mashariki na kusini ya Unguja, kuanzia Paje na Jambiani mpaka Makunduchi, ni matumbawe yaliyokufa, na kwa sehemu kubwa ni ya zama za Plistosini. Mengine yaliota kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kidogo kuliko leo. Hayo kwa hesabu ya jiolojia ni mambo ya jana. Vilima vya Pemba ni vikongwe zaidi, kwa kuwa udongo, mchanga na chokaa vilivyomo humo ni vya zama za Miosini, baina ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita, kama ilivyokwisha kuelezwa katika ripoti ya jiolojia ya visiwa hivi iliyoandikwa na Stockley mwaka 1928. Hata vilima hivyo vimekuja zaidi ya miaka milioni 40 baada ya mosasauri wa mwisho. Mwenye kuchimba shimo la choo Wete au kisima Makunduchi hawezi kukutana na mosasauri, kama ambavyo mwenye kufukua uwanja wa skuli iliyojengwa mwaka jana hawezi kukutana na sarafu za Kilwa ya masultani, isipokuwa kama mtu ameziangusha hapo.

Hilo si kusema kwamba mawe ya zama zao hayapo. Yapo chini yetu. Visima vya kutafuta mafuta vilivyochimbwa Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilishuka zaidi ya kilomita tatu, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa ndani ya mashapo yaliyoletwa na mito ya bara na kutuama chini ya bahari zama baada ya zama. Hivyo visiwa vyetu vimekaa juu ya rundo kubwa sana la mashapo, na sisi tunatembea juu ya tabaka la mwisho tu.

Ama bahari, ilikuwepo. Madagaska ilianza kujitenga na pwani hii ya Afrika katika zama za Jurasiki, zilizotangulia zama za mosasauri, ikasogea kusini, na mfereji uliofunguka baina yao ndio mwanzo wa bahari tunayovua leo. Ushahidi mzuri zaidi wa zama za mosasauri umetoka Kilwa. Huko watafiti wamechimba na kutoa mihimili ya udongo, yaani vipande virefu vya mviringo vilivyokatwa kwa keekee, wenye makombe ya foraminifera, ambao ni viumbe wadogo wa kuonekana kwa hadubini, na makombe hayo yamehifadhika vizuri mno hata hupimwa ili kujua joto la bahari ya wakati ule. Udongo wenyewe unaonesha kuwa mwishoni mwa zama za Kretasia, ambazo ndizo za mosasauri, Kilwa ilikuwa chini ya maji marefu, mbali kidogo na ufuo. Kwa hivyo bahari ilikuwepo, ilikuwa ya vuguvugu, na wakati huohuo mosasauri walikuwa wameenea karibu bahari zote za dunia. Mimi binafsi sioni sababu ya kuwafikiria kuwa waliikwepa pwani yetu.

Kuhusu Lindi, lazima tutenganishe mambo mawili. Kilima cha Tendaguru kiko bara, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na mawe yake ni ya kiasi cha miaka milioni 150. Wajerumani waliofukua huko kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, wakitegemea mikono ya mamia ya wenyeji chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, walikuta hasa mifupa ya dinosaria wa nchi kavu waliokufa karibu na bahari. Katikati ya matabaka yale yamo mengine yenye makombe na amoniti (jamaa wa ngisi na pweza wenye makombe, waliokwisha kutoweka), kwa hivyo bahari ilikuwa ikija na kuondoka. Mawe hayo yanaonekana leo kwa sababu ardhi ya huko ilinyanyuka, mvua na mito ikaondoa kilichokuwa juu yake. Kwetu mambo yamekwenda kinyume: mashapo yamezidi kurundikana.

Mfano wa kinyume chetu ni Bentiaba, kusini mwa Angola. Huko magenge ya pwani ni ya mwisho wa Kretasia, nchi ni jangwa lisilo na majani ya kuyafunika, na mifupa ya mosasauri inatokeza wazi. Mmoja wao, Prognathodon kianda, alikutwa na mabaki ya mosasauri wengine watatu katika sehemu ya tumbo, na miongoni mwao mmoja alikuwa wa spishi yake mwenyewe.

Mtembeza Wageni, Jambiani

Nimefaidika sana. Ninaomba kuongeza neno moja, kisha niulize.

Mawe kuwa machanga si kusema hayana kitu. Katika pango la Kuumbi, hapa kwetu Jambiani, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya wanyama ambao leo hapana Mzanzibari atakayewaona kisiwani, mathalan pundamilia na nyati. Sababu ni kwamba miaka 20,000 hivi iliyopita maji mengi ya dunia yaliganda kuwa barafu, bahari ikashuka kiasi cha mita 120, na kwa kuwa mkondo baina ya Unguja na bara ni wa maji mafupi, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Pemba haikuungana kwa sababu mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Nasema haya kwa sababu nimewasikia baadhi ya wenzangu wa kazi hii wakiwaambia wageni kuwa mifupa ya mapangoni ni ya dinosaria. Mgeni atashangaa kidogo, atapiga picha, kisha atakwenda kusoma na kugundua kuwa amedanganywa, ilhali habari ya kweli ya pundamilia wa Unguja inatosha kumshangaza.

Swali langu ni hili. Ikiwa mawe ya zama hizo yako chini yetu, na kila siku tunasikia habari za utafutaji wa mafuta na gesi, je, hapana uwezekano wa mashine hizo kuibua mifupa?

Mkaazi wa Konde

Shukrani kwenu nyote, nimewasomea watoto jibu la maalim neno kwa neno. Mkubwa wao amekubali habari ya mawe, lakini anasema mfupa unaweza kuwa umeletwa na mawimbi kutoka kwengine, kwa hivyo hajasalimu amri. Nimeutazama upya. Nyuso zake mbili, ya mbele na ya nyuma, ni bapa. Ndani, pale ulipovunjika, una vitundu vitundu vingi, na ijapokuwa ni mkubwa mtoto wa miaka kumi anaunyanyua bila taabu.

Wa pili naye ameuliza swali lililonishinda. Anasema samaki silikanti naye alidhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria, kisha akapatikana hai. Basi kwa nini tuwe na yakini kuwa mosasauri hayupo mahali fulani katika kina?

Maalim wa Chake

Kwa sifa ulizozitaja, ndugu yangu, wazee walisema kweli. Pingili ya mosasauri ina uso wa mbele uliobonyea na uso wa nyuma uliotokeza mviringo, ili moja iingie ndani ya nyengine, na ndivyo zilivyo pingili za kenge. Ya ikthiosauri imebonyea pande zote mbili na ni nyembamba ukilinganisha na upana wake. Pingili yenye nyuso mbili bapa, yenye vitundu ndani na nyepesi kuliko umbo lake, ni ya nyangumi. Uzito nao ni shahidi: mfupa uliokaa ardhini mamilioni ya miaka aghalabu vitundu vyake hujaa madini, ukawa mzito kama jiwe. Huo wenu mtoto anaunyanyua. Mwambie mkubwa kuwa hoja yake ya mawimbi ilikuwa nzuri, kwani ndiyo iliyotulazimisha kuutazama mfupa wenyewe badala ya kutosheka na mawe.

Swali la silikanti ni la mtu anayefikiri. Ni kweli kwamba samaki huyo alijulikana kwa visukuku tu, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini. Wa pili akapatikana Ngazija na visiwa vyake mwaka 1952, na kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa pwani ya Tanzania nao wamekuwa wakiwatoa, hasa Tanga, ambako pametengwa hifadhi kwa ajili yake. Lakini silikanti ana mashavu ya samaki, hukaa mchana kutwa katika mapango ya chini ya bahari yenye kina cha mita mia na zaidi, wala hana haja ya kuonekana juu. Mosasauri angelazimika kupanda kuvuta pumzi kila siku ya maisha yake, mbele ya macho ya mabaharia na wavuvi wa dunia nzima.

Kuna hoja nyengine ambayo naiona ni nzito zaidi. Mosasauri alibadilisha meno maisha yake yote, ya zamani yakianguka na mapya yakiota, kwa hivyo kila mmoja aliacha meno mengi sakafuni mwa bahari. Katika machimbo ya fosfeti ya Moroko meno hayo ni mengi hata yanauzwa sokoni. Ukipanda juu ya tabaka la miaka milioni 66 iliyopita, meno ya papa yanaendelea, magamba ya kasa yanaendelea, na baadaye mifupa ya nyangumi inaanza, lakini ya mosasauri yanakatika. Mnyama mkubwa kiasi hicho, mwenye kumwaga meno kiasi hicho, hawezi kuishi miaka milioni 66 bila kuangusha hata moja likaonekana.

Kilichowamaliza kinafahamika kwa kiasi kikubwa. Kimondo kilichoanguka Chicxulub, Meksiko, kilitimua vumbi na masizi yaliyozuia mwanga wa jua, mimea midogo ya juu ya bahari ikafa, walioila wakafa, na njaa ikapanda ngazi hadi kwa mlaji wa mwisho. Mnyama mkubwa mwenye kuhitaji chakula kingi hakuwa na pa kukimbilia. Kasa walivuka, na inaaminiwa kuwa mwili wenye kutumia nguvu kidogo uliwasaidia.

Mchimba Visima

Namjibu ndugu yangu wa Jambiani. Uwezekano upo kwa hesabu, kwa vitendo ni mdogo mno. Keekee ya kisima cha mafuta husaga jiwe likapanda juu na matope katika vipande vidogo, na hata pale wanapokata muhimili mzima wa jiwe ili kuupima, upana wake hauzidi sana ngumi ya mtu mzima. Ukimpiga mosasauri wa mita 12 barabara mbavuni, utakachoona juu ni chembe za mfupa ambazo mtu asiyekusudia kuzitafuta hatazitambua. Ndiyo maana wanajiolojia wa visima hutegemea foraminifera, ambazo maelfu yake huenea katika kiganja kimoja cha udongo.

Kama wapo vijana wanaotaka kumtafuta mnyama huyu katika nchi yetu, wasichimbe Pemba. Waelekee Kilwa na Lindi, ambako udongo wa mwisho wa Kretasia unatokeza juu kandokando ya barabara na mabonde ya mito, na wawe na subira, kwa sababu udongo ule ulituama mbali na ufuo na mifupa ndani yake ni adimu. Nyundo isitangulie kibali: utafiti hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Anayekuta jino asiling'oe. Alipige picha likiwa mahali pake, aandike ni tabaka gani na liko umbali gani kutoka alama inayojulikana, kisha awaarifu wahusika, kwa kuwa jino lisilojulikana limetoka tabaka gani haliwezi kutueleza chochote kuhusu bahari hii.